Kuchagua chaja ya kubebeka ya gari la umeme kwa nyumba yenye soketi ya pini tatu

Gari la umeme lililotumika Japani likishushwa katika bandari ya Mombasa, mara nyingi huwa na mfuko mweusi ndani ya buti, na katika mfuko huo mna waya mnene wenye kisanduku upande mmoja. Mnunuzi akiuona hudhani kwamba suala la kuchaji limekwisha, mpaka afike nyumbani na kukuta plagi ya waya ule haiingii katika soketi hata moja. Ndivyo ilivyonitokea mimi na Nissan Leaf yangu ya mwaka 2018, yenye betri ya kilowati-saa 40. Fundi mmoja wa mtaani aliikata plagi ya Kijapani, akafunga ya pini tatu, akalipwa, akaenda zake. Gari lilichaji usiku kucha, na kulipopambazuka plagi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia pembeni mwa pini, huku chumba cha gari kikinuka plastiki iliyoungua. Baadaye nilisoma kibandiko cha kisanduku ambacho sikujishughulisha kukisoma mwanzoni: volti 200, ampea 15. Nilikuwa nimekiunganisha na umeme wa volti 240 kupitia plagi ya ampea 13.

Tangu siku ile naamini kwamba chaja ya kubebeka huchaguliwa kwa kuanzia ukutani. Wauzaji huanza na tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, na mnunuzi naye huvutwa nayo, ilhali tarakimu hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa.

Kwanza ieleweke kwamba kitu tunachokiita chaja si chaja kamili. Chaja yenyewe, ile inayougeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme unaoingia kwenye betri, imefungwa ndani ya gari. Kisanduku kilichoko kwenye waya ni bawabu tu: hukagua kama waya wa ardhi upo, hutazama kama umeme unavuja, kisha hulijulisha gari kiasi cha mkondo linachoruhusiwa kuvuta. Taarifa hiyo hupita katika waya mdogo wa pembeni kwa mapigo elfu moja kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaobeba ujumbe. Pigo linalochukua asilimia 10 ya muda wake humaanisha ampea 6, na linalokaribia asilimia 27 humaanisha ampea 16. Gari hutii. Kisanduku kikisema ampea 16, gari litavuta ampea 16 bila kujua kama nyaya za nyumba yako zinaziweza, na kama chaja iliyo ndani ya gari ina uwezo wa kilowati 3 tu, kama ilivyo katika Leaf nyingi za Japani, kisanduku cha ampea 32 hakitaiongezea kasi hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, tafuta katika kitabu cha gari uwezo wa chaja ya ndani, kwa sababu chochote unachokinunua juu ya kiwango hicho hakitakufaa kwa gari hilo.

Pili, piga hesabu ya mahitaji yako ya kila siku. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15, yaani kilowati-saa 15, kwa kilomita 100. Anayetoka Bamburi kwenda kazini mjini Mombasa na kurudi, pamoja na mizunguko ya sokoni, huenda akatembea kilomita 40, yaani uniti 6, na ukiongeza kiasi kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, mita itahesabu uniti 7 hivi. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na ule wa Tanzania ni wa volti 230; chaja ya ampea 10 hutoa basi kilowati 2.4 kwa Kenya na 2.3 kwa Tanzania. Uniti 7 zitaingia kwa saa tatu. Ukichomeka saa nne usiku na kuchomoa saa kumi na mbili asubuhi, utakuwa umevuta uniti 19, ambazo baada ya upotevu zinatosha safari ya zaidi ya kilomita 100. Mtu wa kawaida mwenye mahali pa kulaza gari lake hahitaji zaidi ya ampea 10, na hili wauzaji hawalisemi kwa sababu chaja ya ampea 10 ndiyo ya bei ya chini. Dereva wa teksi anayerudi saa sita usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri ana hesabu nyingine, nitaigusia mbele.

Baada ya hesabu, tazama tundu la gari lako. Magari ya soko la Japani, ikiwemo Leaf, yana tundu la Aina ya 1, la mviringo lenye matundu matano. Yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya siku hizi yana Aina ya 2, lenye nafasi saba na upande mmoja bapa, na hata Leaf ya kizazi cha pili iliyouzwa Uingereza ina tundu hilo, tofauti na dada yake wa Japani. Utata mkubwa uko kwenye magari yanayoletwa moja kwa moja kutoka soko la ndani la China, kwani tundu lake lina umbo linalofanana sana na Aina ya 2, lakini pini na matundu vimebadilishana nafasi, na hivyo waya wa moja hauingii katika lingine. Usinunue kwa jina la gari peke yake. Fungua kifuniko, piga picha, mpelekee muuzaji. Pia usichanganye tundu hili na lile kubwa la kuchajia haraka lililo pembeni yake katika Leaf, kwa maana hilo ni la vituo vya umeme wa DC, yaani wa mkondo mnyoofu kama wa betri, na halihusiani na chaja ya kubebeka. Kuna na kifaa kingine kinachouzwa rafu moja na chaja, chenye soketi mwishoni, ambacho kazi yake ni kutoa umeme garini ili uwashe taa au birika ukiwa safarini. Hicho hakichaji gari.

Sasa turudi ukutani, ambako ndiko ajali nyingi huanzia. Soketi yetu ya pini tatu za bapa, tuliyoirithi kwa Waingereza, imeandikwa ampea 13, na watu huchukulia kwamba inaweza kutoa ampea 13 kutwa kucha. Birika huvuta kiasi kinachokaribia hicho kwa dakika nne na kuzimika. Pasi huwaka na kujizima yenyewe kila mara. Gari huvuta mkondo uleule, bila kupumzika, kwa saa nane. Kila mahali ambapo chuma kinagusana na chuma bila kubana sawasawa, joto hujikusanya, na joto hilo hulegeza chemchemi ya soketi, na soketi ikilegea joto huongezeka. Fyuzi ya ndani ya plagi haitakuokoa hapo, kwa sababu fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 15. Huweza kustahimili kwa saa nyingi huku plastiki ikiiva. Ndiyo maana chaja nzuri zinazotengenezwa kwa plagi hii hufungiwa kwenye ampea 10, na ndiyo maana Uingereza sasa kuna soketi zilizopimwa hasa kwa kuchaji magari, ambazo zimeandikwa herufi EV upande wa nyuma. Ukiipata moja dukani, inunue.

Jihadhari basi na kisanduku chenye plagi ya ampea 13 na kitufe kinachokuruhusu kuchagua 8, 10, 13 au 16. Kitufe hicho kitabonyezwa na mtoto, au na wewe mwenyewe siku una haraka. Chaja iliyotengenezwa kwa uangalifu huitambua plagi iliyofungwa na kukataa kupita kiwango chake, au huwa na kipima joto ndani ya plagi yenyewe ambacho hupunguza mkondo plagi ikianza kupata moto. Kama ningeambiwa nichague sifa moja tu ya kulipia zaidi, ningechagua kipima joto hicho, na programu ya simu ningewaachia wanaopenda kutazama michoro.

Soketi utakayoitumia isiwe ile ya sebuleni inayokula pamoja na friji, televisheni na pasi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA ikiwa uko Kenya au EWURA ikiwa uko Tanzania, akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, wenye unene usiopungua milimita za mraba 2.5 kwa chaja ya ampea 10, na afadhali 4 ikiwa umbali ni mrefu. Ekstensheni usiitumie. Najua utaitumia siku moja, kwa hiyo niseme hivi: ikilazimika, iwe na waya mnene, ifunguliwe yote isibaki hata duru moja kwenye gurudumu lake, kwa sababu waya uliokunjwa hushindwa kutoa joto, na uteremshe chaja hadi ampea 6 au 8.

Kwa yule dereva wa teksi, na kwa yeyote ambaye hesabu yake imezidi uniti 20 kwa usiku, plagi ya pini tatu haifai. Anahitaji chaja ya ampea 16, inayotoa kilowati 3.8 kwa volti 240, au ya ampea 32, inayotoa kilowati 7.7, mradi gari lenyewe liweze kuipokea. Chaja hizo hutumia plagi ya buluu ya mviringo yenye pini tatu, ile inayoonekana kwenye karakana na maeneo ya ujenzi, na plagi hiyo hubana vizuri na kuvumilia mkondo wa muda mrefu. Kwa ampea 16 fundi ataweka breka ya ampea 20. Kwa ampea 32 ataweka breka ya 40 na waya wa milimita za mraba 6 au 10 kufuatana na umbali. Hapo ndipo utakapolazimika kuuliza uwezo wa nyumba nzima. Shawa ya umeme ya kilowati 5, ambayo nyumba nyingi za Kenya zinayo, huvuta peke yake ampea 21. Ukiijumlisha na gari la ampea 32 na jiko, breka kuu itaruka alfajiri watoto wakiwa na sabuni machoni. Chaja inayoweza kupangiwa saa ya kuanza husaidia sana, kwa kuwa gari litachaji kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri wakati nyumba imelala. Kenya ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi saa za usiku, na inafaa umuulizie Kenya Power masharti yake kabla fundi hajaanza kazi, kwani bei hiyo inahusu mita ya kuchajia iliyotengwa.

Suala la waya wa ardhi ndilo huwakwamisha wengi siku ya kwanza. Unachomeka chaja mpya, taa nyekundu inawaka, gari halichaji, na unamlaumu muuzaji. Mara nyingi kisanduku kiko sahihi: kimekagua waya wa ardhi na hakikuuona. Katika nyumba nyingi za zamani, na katika baadhi ya mpya, tundu la juu la soketi halijaunganishwa na kitu, au fimbo ya shaba iliyopigwa chini ya ardhi miaka mingi iliyopita imeliwa na chumvi. Fundi ana mita ya kupima hali hiyo. Mlipe apime, na ikibidi apige fimbo mpya mahali penye unyevu. Kuna maduka yanayouza visanduku vyenye swichi ya kuzima ukaguzi huo, na kuna mafundi watakaokushauri kuunganisha waya wa ardhi na waya wa nyutro, ule unaourudisha umeme, ndani ya plagi ili taa igeuke kijani. Yote mawili yanaweza kulifanya bati la gari zima kuwa na umeme, la kwanza siku umeme utakapovuja na la pili siku nyutro itakapokatika, na mtu wa kwanza kuligusa atakuwa amesimama peku kwenye sakafu yenye maji.

Pamoja na ardhi, pawepo kinga ya umeme unaovuja, ile ambayo mafundi wetu bado huiita ELCB, ya miliampea 30, katika laini ya gari. Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo si kila fundi analijua: chaja ya gari inaweza kuvujisha umeme wa DC, na umeme huo huifanya kinga ya kawaida ya aina ya AC kupooza isiweze kukata. Omba kinga ya aina ya A, na hakikisha maelezo ya kisanduku yanasema kwamba chenyewe hutambua uvujaji wa DC wa miliampea 6. Kiwango cha kimataifa kinachohusu visanduku vya namna hii ni IEC 62752, na namba hiyo ikiandikwa kwenye kibandiko cha kisanduku chenyewe ina uzito kuliko neno lolote lililochapwa kwenye boksi.

Umeme wetu hukatika na kurudi, na wakati mwingine hurudi kwa kishindo. Muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza: umeme ukirudi, chaja huanza yenyewe, au hungoja mtu abonyeze kitufe? Chaja inayongoja itakuacha na betri tupu asubuhi. La pili: volti zikishuka sana saa za jioni au zikipanda ghafla, hukata na kusubiri zitulie? Nyingi nzuri hufanya hivyo. Usijaribu kuilinda kwa kile kifaa cha kulindia friji. Hicho kimetengenezwa kwa mkondo mdogo na kitaungua kabla ya kitu unachokilinda. Kinga ya mishtuko ya umeme iwekwe kwenye kisanduku cha breka, iilinde nyumba yote.

Wenye jenereta au sola wataona kwamba kisanduku hukataa kazi hata pale taa zote za nyumba zinapowaka. Sababu yake ni kwamba jenereta ndogo na baadhi ya inveta hazijaunganisha nyutro na ardhi, hivyo kisanduku hakipati rejeo la kukagulia. Hilo hurekebishwa na fundi kwenye chanzo cha umeme, kwa mpango unaokubaliwa na mtengenezaji wa inveta, na kamwe si kwenye plagi ya chaja. Kwa inveta ya kilowati 3 inayobeba nyumba pia, chaja lazima iweze kushuka hadi ampea 6, yaani kilowati 1.4, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachotambuliwa na gari.

Kuhusu mwili wa chaja sitakawia. Kisanduku kitakacholala nje kiwe na kiwango cha IP65 au zaidi; tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji, na IP54 yatosha penye paa. Kumbuka lakini kwamba kiwango hicho ni cha kisanduku, wala si cha plagi na soketi, ambazo mvua ya kusukumwa na upepo huziingia kwa urahisi. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada ambaye ni hewa ya chumvi: pini hushika kutu ya kijani, na kutu huleta joto, kwa hiyo zifutwe kila mwezi kwa kitambaa kikavu umeme ukiwa umezimwa. Waya wa mita 5 hutosha ikiwa tundu liko puani mwa gari kama kwenye Leaf na unaegesha kwa kutanguliza pua. Pima kwa kamba kabla ya kununua. Kisanduku kisining'inie kwenye soketi, kwani uzito wake huivuta plagi na kuilegeza. Kipigilie ndoano ukutani.

Anayesafiri kuvuka mipaka anaweza kupendelea chaja yenye plagi za kubadilisha, kwa kuwa Uganda hutumia soketi kama zetu lakini Rwanda na Burundi hutumia pini mbili za mviringo. Plagi hizo ziwe za kampuni iliyotengeneza chaja, zinazofungwa kwenye waya wake. Adapta ya kawaida ya dukani, ile ya kuchajia simu hotelini, isikaribie gari.

Chaja ikishafika, usiifungulie usiku wa kwanza na kwenda kulala. Ianze mchana, kwa ampea 6, ukiwa nyumbani. Baada ya nusu saa shika plagi na uso wa soketi; uvuguvugu si tatizo. Panda hadi ampea 8, subiri saa moja, shika tena, kisha 10, usubiri saa mbili. Ukishindwa kuuweka mkono juu ya plagi kwa sekunde kumi, au ukisikia harufu yoyote, zima kwenye breka, si kwa kuchomoa plagi, uiache ipoe, na umwite fundi afungue soketi akaze skurubu za nyuma. Mara nyingi huwa moja wapo imelegea. Rudia jaribio hili baada ya mwezi mmoja, na kila unapochaji kwenye soketi ya mtu mwingine.